Lifti Iliyopanda Sebuleni

Mjukuu wangu alizaliwa amekunja uso kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. Mkunga alimpiga kofi dogo la makalio, mtoto hakulia. Alitazama kwanza mkono wa mkunga, halafu mkasi, halafu mlango, kama anayeuliza kipi kimeshikana na kipi. Nilikuwepo. Wako wanaosema saa ile nilikuwa sokoni nikigombana na muuza nyanya, lakini hao tangu lini wakawa na macho?

Jina lake la cheti analo, limelala kabatini. Sisi tunamwita Visanduku, na atakayesikiliza mpaka mwisho atajua kwa nini.

Alipokuwa mdogo alinitesa. Wajukuu wengine ukiwasimulia hadithi wanafungua midomo mpaka nzi wanapanga vyumba humo. Huyu alikuwa anasikiliza kwa vidole, anahesabu.

"Bibi, ngoja. Fisi alikuwa amelala."

"Ndiyo."

"Sasa anakimbia. Nani kamwamsha?"

"Njaa."

"Njaa hukuitaja."

Basi narudi nyuma, namtia fisi njaa, namwamsha kwa utaratibu, namkimbiza upya. Siku nyingine fisi yule yule nilimuua asubuhi, jioni nikampeleka harusini, kwa sababu harusi ilikuwa imedoda na nilihitaji mtu wa kuiba nyama. Mtoto akaniwekea mkono mdomoni.

"Fisi aliyekufa haendi harusini, Bibi. Labda kama kuna njia ya kutokea kwenye kufa."

"Ipo, mke mwenzangu," nikamwambia. "Ila imefungwa kwa ajili ya matengenezo."

Mke mwenzangu ni utani wetu, kwa kuwa babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na mimi nilikuwa napikia wote wawili.

Akasoma, akasoma, akasoma mpaka vitabu vikaanza kumwogopa. Akatoka huko mhandisi. Nikadhani sasa atavaa kofia ngumu, atapanda juu ya kitu kirefu na kupiga watu kelele. Kumbe kaajiriwa kwenye karakana ya kutengeneza lifti, na kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta na kuchora visanduku. Kisanduku hapa, kisanduku pale, mstari katikati. Siku ya kwanza aliponionyesha nilimwambia hata kuku akikanyaga majivu anachora vizuri zaidi. Alicheka, akavuta kigoda, akanieleza kwa namna ambayo hata jiwe lingeelewa na kuomba nafasi ya kazi.

Alisema lifti ina michoro ya aina mbili. Wa kwanza ni wa muundo: nani ana nini, na nini kimeshikana na nini. Mlango ni wa lifti, breki ni ya lifti, mota ni ya lifti, na kati yao kuna mistari ambayo habari inapita. Wa pili ni wa mwenendo: nani anafanya nini, lini, na baada ya kusikia nini. Yote miwili inakaa pamoja kwenye kompyuta, ndiyo wanaita modeli. Ukibadilisha upana wa mlango mahali pamoja, unabadilika kila ulipotajwa. Na ukibonyeza, modeli inatembea. Unaona lifti inafunga, inapanda, inafungua, kabla hata msumari mmoja haujanunuliwa.

"Yaani," nikamwambia, "muundo bila mwenendo ni maiti, na mwenendo bila muundo ni mzimu."

"Bibi, hiyo naiba."

"Iba. Mimi mwenyewe niliitoa kichwani sasa hivi, bado ina moto."

Pale karakanani, kabla yake, kila kundi lilikuwa na makaratasi yake. Watu wa milango na yao, watu wa chuma na yao, wa mota na yao. Wakati mmoja walipeleka lifti kwenye jengo la watu, mlango ukakuta fremu ni nyembamba kuliko wenyewe, wakaurudisha mabegani wanaume wanne, na waliokutana nao njiani wakavua kofia wakidhani ni jeneza. Hilo sikuongeza chumvi. Sehemu ya kofia tu.

Mkuu wa karakana wanamwita Nyundo. Sauti yake ikipita chumbani, nati zinajifungua zenyewe. Nyundo hakuwa na imani na visanduku. Alikuwa akisema chuma hakidanganyi, karatasi inadanganya, na kompyuta ni karatasi yenye umeme. Lakini si mtu mbaya. Alimpa Visanduku lifti moja ya kujaribia, nayo ni ya hospitali, ya kupandisha wagonjwa wakiwa vitandani mwao. Sharti lake lilikuwa fupi. Ijumaa, mbele ya mafundi wote, modeli ipandishe kitanda kutoka chini mpaka juu kwenye skrini. Ikipanda, lifti itajengwa kutokana na modeli na Visanduku ataiongoza kazi nzima. Isipopanda, modeli inazimwa, kila kundi linarudi kwenye makaratasi yake, na yeye anarudi kwenye meza ya pembeni kuchora nati.

Kuchora nati! Mtoto niliyemsimulia fisi mpaka fisi wakaniishia!

Jumapili ya kabla ya hiyo Ijumaa alikuja nyumbani, uso umemshuka kama pazia lililokatika kamba. Mama yake, ambaye ni binti yangu na ni fundi cherehani, alikuwa anakunja pindo za sketi za shule. Baba yake alikuwa amekaa. Mkwe wangu akikaa amekaa. Ni mzito kiasi kwamba kivuli chake kinaacha alama sakafuni. Na mwanangu wa kiume, mjomba wake Visanduku, kinyozi, alikuwa amekuja kula.

"Una nini?" mama yake akamuuliza.

"Haipandi."

"Nini haipandi?"

"Lifti. Kila kipande nikikijaribu peke yake kinafanya kazi. Mlango unafunga vizuri. Breki inashika, inaachia. Mota inavuta. Nikiunganisha vyote, mlango unafunga, halafu basi. Inasimama tu. Hailii, haiwaki taa nyekundu, haisemi hata samahani."

"Labda imechoka," akasema mjomba wake. "Hata mimi nikila nasimama tu."

"Mjomba, wewe ukila unalala."

Akala kidogo, akausukuma ugali wa watu kando, kisha akanyamaza kama maji mtungini. Nami namjua akinyamaza; hapo ndipo kelele inapikwa. Mara akanyanyuka, akaenda kwenye cherehani, akachukua rili ya uzi.

"Simameni wote," akasema. "Leo ninyi ni lifti."

Alitugawa. Mama yake akawa mota, kwa kuwa ndiye anayevuta nyumba hii. Mjomba akawa breki, kwa kuwa hajawahi kuharakisha jambo. Baba yake akawekwa kwenye kiti cha magurudumu madogo cha cherehani, akawa mgonjwa kitandani, na palepale akaanza kuugulia bila kuambiwa. Mimi nikawa mlango.

"Kwa nini mlango?"

"Kwa sababu ukifungua hakuna anayekufunga, Bibi."

Nikampa hiyo, alistahili.

Halafu kazi ya uzi. Kila mstari uliokuwa kwenye mchoro wake aliukata uzi, akaufunga mkononi kwa mtu na mtu. Mgonjwa akiuvuta uzi wake, kitufe kinaniambia nifunge. Kitufe alikuwa Visanduku mwenyewe. Mimi nikishafunga, navuta uzi unaokwenda kwa mota, maana yake nimefunga. Na breki ikiachia, inavuta uzi wake wa kwenda kwa mota, maana yake nimeachia. Mota akishapata habari zote mbili, anavuta kiti mpaka jikoni. Jikoni ndiyo ghorofa ya juu.

Na kila mtu alipewa kadi ya mwenendo wake. Yangu alinichorea mkono wazi na mkono uliofumba, kwa kuwa mimi na herufi hatujawahi kutambulishwa. Ya mjomba iliandikwa: mlango ukifungwa, achia.

"Hakuna kufanya kisicho kwenye kadi," akatuonya. "Bibi, umesikia?"

"Mlango huu ukisalimiwa tu ndio unafunga," nikasema.

"Mlango hausalimiwi!"

"Basi ndiyo maana milango mingi inanuna."

Tukaanza. Mkwe akavuta uzi huku akigumia kwa maumivu ya uongo. Nikafunga mikono yangu kwa kishindo, mpaka sahani mbili kabatini zikakumbatiana. Nikavuta uzi wa mota. Mjomba akasema, "Naachia," akavuta wake. Binti yangu akakamata kiti, akamvuta mumewe sebule nzima, magurudumu yakilia kama panya kwenye mtego, mpaka jikoni. Imepanda!

Tukashangilia. Mimi nilicheza mpaka paa likainuka kidogo kuona kuna nini. Visanduku peke yake hakucheka.

"Rudieni."

Tukarudia. Ikapanda tena.

"Rudieni."

"Mtoto, mimi nimeolewa na huyu, sikumbeba," mama yake akasema akihema. Lakini akavuta, ikapanda.

Visanduku akakaa sakafuni katikati ya nyuzi, machozi yanamlengalenga. "Mbona ninyi mnapanda? Nyuzi ni zile zile, kadi ni zile zile. Kompyuta inasimama, ninyi mnapanda. Nimekosea wapi?"

Mjomba alitaka kusema sisi tumekula, nikamkanyaga. Visanduku akabaki anatutazama mmoja mmoja, kama siku ile alivyomtazama mkunga. Akamtazama mjomba wake kwa muda mrefu.

"Mjomba. Ulijuaje kuwa mlango umefungwa?"

"Nimemwona mama kafunga. Kishindo chote kile, kipofu nani?"

"Umemwona."

"Kwa macho yangu haya."

Akasimama polepole. Akaingia chumbani, akatoka na vitambaa vya mama yake, mabaki ya nguo, akatufunga macho wote. Mimi nilipewa chenye maua, nashukuru. Akatutia na pamba masikioni. "Sasa mnajua kile tu kinachokuja kwa uzi," akatupigia kelele masikioni. "Tena!"

Nikahisi uzi umevutwa. Nikafunga. Nikavuta wa mota. Nikangoja.

Nikangoja.

Nawaambia, nilisimama pale mpaka nikaota mizizi, mizizi ikapiga sakafu, ikauliza njia ya kisimani. Hakuna kilichosogea. Nikachungulia kwa chini ya kitambaa, maana mlango nao una tundu la ufunguo. Binti yangu kasimama na mikono tayari, anangoja breki. Mwanangu kasimama kama sanamu, uzi mkononi, anangoja mlango. Mkwe alikuwa ameshasinzia, mgonjwa wa kweli sasa. Na Visanduku alikuwa katikati yetu, mikono kichwani, anacheka peke yake mpaka anainama.

Akatufungua macho, akatutoa pamba.

"Mjomba, hebu tazama mikono yako. Una nyuzi ngapi?"

"Mmoja. Wa kwenda kwa dada."

"Wa kutoka kwa mlango uko wapi?"

Mjomba akageuza mkono, akaugeuza tena, kama mtu aliyepoteza saa. Haukuwepo. Kadi yake ilimwambia mlango ukifungwa, achia, lakini hakuna mtu aliyemwekea njia ya kuambiwa kuwa mlango umefungwa. Mlango ulimwambia mota, mota alimngoja breki, breki alimngoja mlango, na mlango ulijua umeshamaliza kazi yake. Sisi tulipanda kwa sababu tuna macho. Tuliziba tundu bila kujua kuna tundu.

"Breki haina macho," Visanduku akasema, na uso wake wote ukakunjuka.

Mnadhani mambo yakaishia hapo, achore kamstari kake, twende tukalale? Thubutu. Karakana ile ina sheria yake, na sheria yenyewe aliitunga yeye Visanduku, ili watu wasichoreane mambo gizani: mstari hauingii kwenye modeli mpaka watu wa pande zote mbili wakubali. Kwa hiyo ilibidi akubali fundi wa milango, na akubali fundi wa breki.

Na hao ni mashemeji. Fundi breki amemuoa dada wa fundi milango. Wanakaa benchi moja, wanakula sahani moja, wanaazimana bisibisi na mashati. Yaliyofuata sikuyaona mwenyewe, kanisimulia Visanduku. Yeye hajui kutia chumvi, kwa hiyo mkikuta chumvi, ni yangu.

Jumatatu akawaendea.

"Kuna mstari umekosekana kati yenu," akawaambia.

Fundi milango akageuka. "Shemeji, binti anasema sisi hatuongei."

"Hatuongei? Jana si tulikuwa wote mpaka mkeo akatufukuza?"

"Kwenye modeli," Visanduku akasema. "Breki haijui mlango umefungwa."

"Inajua," fundi breki akasema. "Kila siku shemeji ananiambia, sasa nafunga. Na mimi naachia. Miaka yote."

"Anakuambia kwa mdomo."

"Kwa hiyo ulitaka aniambie kwa nini, kwa kisigino?"

"Mstari uko wapi?"

"Si huu hapa!" Fundi breki akapiga benchi, pale palipokuwa na sahani yao.

Hapo ndipo Visanduku alipoelewa kosa lilivyoingia. Wanaume wale walikuwa wameiweka habari ile kwenye benchi, kati ya chumvi na bilauri. Ilikuwa inajulikana mno hata hakuna aliyeona haja ya kuichora. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini penye wawili wanaopendana neno linaweza kusahauliwa kabisa.

Lakini kuelewa si kukubaliwa. Fundi milango akasema kazi yake ameshamaliza, mlango wake haudaiwi, anayetaka habari aje aiombe. Fundi breki akasema yeye hawezi kumwomba shemeji yake kitu ambacho anampa kila siku, itakuwa kama anamtilia shaka. Kila mmoja akamngoja mwenzake, sawasawa na lifti yao. Jumanne hivyo, Jumatano hivyo, Alhamisi wakaanza kula kwa sahani mbili.

Ijumaa ikafika, mstari haujachorwa.

Chumba cha mikutano kilijaa. Nyundo akakaa mbele kwenye kiti chake kikubwa cha magurudumu, mikono kifuani. "Washa," akasema, na bisibisi tatu zikadondoka mezani.

Visanduku angeweza kuuchora mstari kimyakimya asubuhi ile. Hakuna ambaye angejua. Kitanda kingepanda, wangepiga makofi. Lakini ungekuwa mstari wake peke yake, na kesho mashemeji wangeendelea kuambiana kwa mdomo, na siku mmoja akiugua, lifti ya kweli ingesimama na mgonjwa wa kweli ndani. Akapiga moyo konde.

"Nikiwasha, haitapanda, mkuu."

"Basi tumemaliza," Nyundo akasema, akaanza kuinuka.

"Naomba ukae. Nakuhitaji uwe mgonjwa."

Watu waliziba midomo. Nyundo alikaa, nadhani kwa mshangao tu. Tangu awe mkuu hakuna aliyewahi kumwambia ana ugonjwa. Visanduku akatoa waya mwembamba, akafunga mikono ya watu kama alivyotufunga sisi. Mama mmoja fundi mota akawa mota. Dada wa mapokezi akawa kitufe. Mashemeji wakawa mlango na breki, kila mmoja akitazama ukuta wake. Macho yakafungwa kwa vitambaa vya kufutia grisi, na kila sikio likazibwa kwa vizibo vile wanavyovaa mashine kubwa zikiunguruma. Mkuu peke yake aliachwa na masikio, maana mgonjwa anasikia.

"Bonyeza, mkuu."

Nyundo akavuta waya. Dada wa mapokezi akavuta wake. Fundi milango akafunga mikono, akavuta waya wa mota. Mota akajiandaa. Na lifti nzima ikasimama, kama ilivyosimama sebuleni kwetu, ila huku ilikuwa na mkuu ndani.

Nyundo akangoja. Akakohoa. "Mbona hatuendi?"

Hakuna aliyemsikia.

"Nimesema pandeni!"

Vioo vilitikisika. Mafundi hawakutikisika, vizibo vya kazi ni vizibo.

"Mkuu," Visanduku akamwambia taratibu, "wewe ni mgonjwa. Mgonjwa ana waya mmoja tu, wa kwenda kwenye kitufe."

Nyundo akauvuta ule waya kama anang'oa mhogo. Dada wa mapokezi akauvuta wake, fundi milango akahisi, lakini yeye alikuwa ameshafunga, afunge nini tena? Nyundo akaanza kutoka jasho. Akaushika ukingo wa kiti. Mtu aliyezoea kusukuma dunia kwa sauti, sasa yuko kwenye sanduku gizani na sauti yake haina waya.

"Binti," akasema, na safari hii sauti yake haikudondosha kitu. "Kama huyu mtu angekuwa anatoka damu?"

"Angekuwa bado yuko hapa hapa, mkuu."

Fundi breki alikuwa ameanza kuhangaika. Alipapasa mkono wake wa kulia, akaukuta waya wa mota. Akapapasa wa kushoto. Akapapasa kiwiko, bega, mpaka mfuko wa shati. Mwisho akavua kitambaa mwenyewe, akachomoa vizibo vyake na vya mwenzake.

"Shemeji. Mimi sina waya wako."

Fundi milango akavua chake, akatazama mikono yote minne. "Huna kweli."

"Nilidhani unao wewe."

"Nilidhani nilishakupa."

"Basi nipe."

"Si uchukue, shemeji, kwani nilikunyima lini?"

"Mpeni waya mtu huyo nishuke!" Nyundo akanguruma kutoka kitandani.

Wakaufunga wenyewe, mkono kwa mkono, wakigombania nani akaze fundo. Wakavaa vitambaa. Mlango ukavuta, breki ikaachia, mama fundi mota akakamata kiti, na kwa kuwa alikuwa amengoja muda mrefu na ana mikono ya kazi, Nyundo alipita chumba kizima kama risasi, akapanda ghorofa zote za hospitali kwa mpigo mmoja na kusimamishwa na kabati la mafaili. Kofia yake ndiyo iliyoendelea na safari.

Visanduku akakaa kwenye kompyuta. "Mlango kwenda breki: nimefunga. Upande wa milango?"

"Nakubali."

"Upande wa breki?"

"Nakubali, tena na asante."

Akachora mstari. Akabonyeza. Kwenye skrini kisanduku cha mlango kikageuka rangi, breki ikageuka, mota ikageuka, na kitanda kidogo cha kuchorwa kikapanda polepole, ghorofa moja, nyingine, nyingine, mpaka juu, mlango ukafunguka. Chumba kililipuka kwa makofi.

Nyundo alibaki kwenye kiti chake kando ya kabati, nywele zimesimama.

"Tungeijenga kwa chuma," akasema, "tungeligundua hili lini?"

"Siku ya kuiwasha hospitalini, mkuu. Pengine siku ambayo shemeji mmoja hayupo."

Akafikiri. "Lifti ni yako. Ijengwe kutoka humo. Na kundi lolote likileta karatasi ambayo haikutoka humo, nitaila mbele yao." Akainua kidole. "Swali moja. Umeme ukikatika nikiwa katikati ya ghorofa?"

"Hilo sijalichora, mkuu. Sijui bado."

Watu wakangoja nyundo ishuke.

"Jumatatu, basi," Nyundo akasema, akijitafutia kofia. "Na mgonjwa ni mimi. Msimpe mtu mwingine."

Jioni ile simu iliita nikiwa natia chumvi mboga.

"Bibi, nimepewa lifti."

"Yote?"

"Yote. Muundo na mwenendo."

Nilipiga kigelegele, mbuzi wa mtaa wa tatu wakaanza kujipanga kwa shughuli. Jirani akatoka mbio kuuliza kuna nini, nikamwambia mjukuu wangu leo kampandisha bosi wake hospitali nzima kwa waya mmoja, bila umeme, na bosi kaomba arudishwe Jumatatu. Akasema mimi ni mwongo. Nikamwambia akae, nimsimulie kwa utaratibu, na akiona mahali fisi kaamka mwenyewe anisimamishe.